Kapsuli za St John's wort kwa dipresheni ambayo si kali, kuna mtu amezitumia?

mitumba_busia

Habari zenu wapendwa. Naandika saa nane usiku kwa sababu usingizi umenikataa tena na humu ndani wote wamelala, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Mi nauza mitumba hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Mwezi wa pili tulimzika mama. Nililia kama watu wanavyolia, matanga yakaisha, wageni wakarudi kwao na mi nikarudi sokoni. Nikajua yameisha. Lakini tangu mwezi wa sita hivi kuna kitu kimenikalia kifuani, si maumivu, ni uzito tu. Asubuhi naamka kabla ya adhana na kushusha miguu kitandani inakuwa kazi. Chakula hakina ladha. Watu wakicheka naona kama wako mbali. Wiki iliyopita nilifungua beli ya sweta za watoto, kazi ambayo naipenda kuliko zote, kuchambua ya kwanza na ya pili, nikajikuta nimeshika sweta moja ya manjano kifungo kimekatika, nimekaa nayo tu, mpaka jirani yangu wa kibanda akaniuliza wewe unauza ama unafanya nini. Chai yangu ilikuwa imeshapoa inzi ameingia ndani.

Nilienda kituo cha afya. Musawo (mhudumu wa afya) wa kike, mpole, akaniuliza maswali tisa kwenye karatasi, kila swali unajibu ni siku ngapi katika wiki mbili zilizopita. Nikapata 8. Akaniambia hii ni dipresheni ya kiwango cha chini, hataki kunianzishia vidonge, nirudi kila baada ya wiki mbili tuongee. Nimerudi mara mbili, mara ya kwanza nikaambiwa hayupo ako kwa semina, mara ya pili foleni ilikuwa ndefu nikaogopa kupoteza siku ya soko nikaondoka.

Sasa binamu yangu alitoka Nairobi amenibebea chupa ya kapsuli, imeandikwa St John's wort, miligramu 300, unakunywa moja mara tatu kwa siku. Anasema ni majani tu, wazungu wanakunywa kama chai, na yeye zilimsaidia. Leo ni siku yangu ya nne.

Nauliza, hizi kitu zinafanya kazi kweli au ni biashara ya watu? Na mtu anaweza kuzikunywa huku anaendelea kuongea na musawo? Niko na kile kijiti cha uzazi mkononi pia, kama hiyo inahusika. Tafadhali msiniambie niombe tu, naomba kila siku.

jjajja_mululuza

Pole sana mwanangu. Mama hazikwi kwa siku moja, wewe unamzika polepole na mwili unasikia.

Mimi nina miaka sabini na kidogo na nimelea watu kwa majani. Hapa Mukono nina omujaaja nyuma ya nyumba, nachuma majani kumi hivi yale machanga, nachemsha kwenye maji nafunika, nikifunua ile harufu peke yake inamfungua mtu kichwa. Mululuza nao kwa homa na tumbo, mchungu lakini unasafisha. Kuna vijana wanatafuna mulondo wakisema unawapa nguvu na raha. Mungu alituwekea dawa uani. Hizo kapsuli sizijui, ila kama ni majani sioni ubaya, majani hayana kemikali. Kunywa na usilale na njaa. Na jioni usikae peke yako gizani, kaa na watu hata kama huongei.

dispensa_tororo

Jjajja nakuheshimu sana na hiyo chai ya omujaaja hata mimi nyumbani nakunywa, haina neno. Lakini hapo kwa "majani hayana kemikali" naomba nikupinge kwa adabu, maana nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka kumi na moja na hilo neno limewaumiza watu. Kwinini ilitoka kwa gome la mti. Artemisinin ya kwenye dawa ya malaria imetoka kwa majani. Jani likiwa na nguvu ya kutibu, basi lina nguvu ya kugombana na dawa nyingine.

Dada Busia, nakujibu swali la kwanza kwanza. Ndio, inafanya kazi, si biashara tu. Ni mmea wa Ulaya unaitwa Hypericum perforatum. Ujerumani madaktari wameuandika kwa wagonjwa miaka mingi. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 29 yenye watu 5,489 wenye dipresheni, wengi wao ile ya chini na ya kati, wakaona unashinda vidonge bandia visivyo na dawa ndani, na ukiulinganisha na dawa za hospitali za dipresheni unakaribiana nazo na watu wachache zaidi wanaacha kwa sababu ya madhara. Tena hapo kuna jambo, majaribio yaliyofanywa nchi zinazoongea Kijerumani yalitoa matokeo mazuri kuliko ya kwingine, kwa hiyo si kwamba ni uhakika kwa kila mtu. Kipimo kilichotumika sana ni miligramu 900 kwa siku, ndiyo hizo zako tatu za 300. Na haileti kitu siku ya nne. Ni wiki nne mpaka sita.

Sasa shida iko wapi. Ndani ya huo mmea kuna kitu kinaitwa hyperforin. Kikiingia mwilini kinaliamsha ini litengeneze kwa wingi vile vimeng'enya vinavyovunja dawa. Fikiria nyumba umeongeza wafagiaji mara mbili, wanafagia mpaka vitu ambavyo ulikuwa hujavitumia. Dawa nyingine unayokunywa inatolewa nje kabla haijafanya kazi yake, na wewe hutasikia chochote, hakuna kuumwa tumbo wala nini. Ndio maana inatisha.

Hicho kijiti mkononi kinahusika sana. Kinaachia homoni kidogo kidogo, na ini likizivunja haraka unaweza kushika mimba na kijiti kiko palepale. Uingereza mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo mwaka 2014 baada ya wanawake wenye kijiti kupata mimba wakitumia huu mmea. Ukipata malaria, na huku kwetu nani hapati, maelezo ya Coartem yenyewe yanakataza kuchanganywa nao. Dawa ya kuzuia damu isigande, warfarin, vilevile. Na mtu ambaye tayari anakunywa vidonge vya dipresheni kama fluoxetine asiuguse kabisa, vikikutana serotonini inapanda kupita kiasi, mtu anatetemeka, jasho, moyo mbio, anachanganyikiwa, hiyo ni kukimbizwa hospitali. Pia kama kuna siku uliwahi kupandwa na furaha isiyo ya kawaida, hulali siku tatu na huchoki, unatumia pesa ovyo, mwambie musawo, maana kuna ugonjwa unaoanza kama huzuni na dawa hizi zikaugeuza kuwa wazimu wa muda.

Nina swali moja na huna haja ya kujibu hapa mbele ya watu, niandikie inboksi. Mbali na kijiti, kuna dawa yoyote unayokunywa kila siku? Yoyote.

kasese_mlimani

Nimesoma hii nikakumbuka kitu. Mi nilibeba mizigo ya watalii Rwenzori misimu minne, na ukipita ule msitu wa mianzi ukaingia kwenye zile heather kubwa, kuna mti mdogo wenye maua ya manjano makubwa mazuri, guide wetu alikuwa anawaambia wageni hii ni St John's wort ya Afrika. Kwa hiyo dada si lazima upate za Nairobi, iko kwetu. Naweza kumuuliza mtu.

dispensa_tororo

@kasese_mlimani asante kwa moyo lakini usimuulize mtu. Ule wa mlimani ni ndugu yake tu, Hypericum revolutum, hata Elgon uko. Ni ukoo mmoja ila si dawa moja, kama vile nyanya na biringanya ni ukoo mmoja lakini huwezi kupika moja ukasema umekula nyingine. Majaribio yote niliyosema yalifanywa kwa ule wa Ulaya, ule ambao ukilishika jani lake ukalitazama dhidi ya mwanga unaona vitone vitone kama limetobolewa sindano. Na yalitumia dondoo iliyopimwa, si majani ya kukisia kwa kiganja. Na ule mlima ni hifadhi, wacha maua yakae.

Hapohapo niongeze, hata ya chupa si zote ni sawa. Unakuta chupa mbili zimeandikwa jina moja, moja ina dawa ya kutosha nyingine ina vumbi la majani. Uganda tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2019, na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wanasajili dawa za mitishamba, kwa hiyo angalia kama chupa yako ina namba ya usajili. Za kuletwa kwa begi kwa kawaida hazina.

zanzi_kampala

Samahani kuingilia, na zafarani je? Mamangu mdogo anaiweka kwa maziwa kila usiku akisema inaondoa huzuni.

dispensa_tororo

Zafarani kuna majaribio, mengi ya Iran, madogo madogo, wanatumia miligramu 30 za dondoo kwa siku kwa wiki sita mpaka nane na matokeo yanatia moyo. Mi nayapenda lakini ni madogo, siwezi kumwambia mtu aache kingine kwa ajili yake. Na zafarani ya kweli ni ghali, unayouziwa rahisi mara nyingi ni nyuzi zimepakwa rangi. Kwa maziwa, kama mapishi, mamako mdogo aendelee. Mwenye mimba asizidishe.

mitumba_busia

Nimesoma yote mara mbili. Jjajja asante, hiyo ya kumzika polepole imenitoa machozi, lakini yale machozi mazuri.

Dispensa nilitaka kukuandikia inboksi nikaona hapana, hapa hakuna anayenijua na labda kuna mwingine anasoma ako kama mi. Ndio. Niko kwa ARV. Ile kidonge moja ya kila siku, TLD, tangu 2019. Virusi havionekani miaka yote hiyo. Musawo aliyeniuliza maswali tisa hajui kwa sababu kliniki yangu ya dawa iko mji mwingine, nilichagua mbali ili nisikutane na watu wa sokoni. Binamu yangu pia hajui. Kwa hiyo nilipoulizwa unakunywa dawa gani nikasema hakuna. Nimekaa hapa nimeshika chupa mkono mmoja na simu mkono mwingine. Nimeharibu?

dispensa_tororo

Hujaharibu. Pumua kwanza. Siku nne ni chache, huo mmea unachukua kama wiki moja mbili kuliamsha ini kikamilifu.

Leo usikunywe nyingine. Acha kabisa. TLD usiiache hata siku moja, endelea saa ileile. Dolutegravir iliyo ndani ya TLD ni mojawapo ya zile zinazoshushwa na St John's wort. Hii ya kugombana na ARV imejulikana zamani, mwaka 2000 watafiti Marekani waliwapa watu 8 wazima dawa ya ARV ya wakati ule, indinavir, pamoja na huu mmea kwa wiki mbili, kiwango cha ARV kwenye damu kikashuka kwa wastani wa 57%. Zaidi ya nusu imepotea na hakuna aliyejisikia vibaya. Dawa ikishuka hivyo kwa miezi, virusi vinaamka, tena vinaamka vimeshaizoea dawa.

Ukiacha, ini linachukua kama wiki mbili au zaidi kurudi hali yake, kwa hiyo kwa wiki nne ongeza kondomu juu ya kijiti. Wiki hii nenda kliniki yako ya ARV na chupa yenyewe mkononi, waambie siku ulizokunywa, waamue kama kuna haja ya kupima wingi wa virusi mapema. Hawatakugombeza, na akikugombeza mmoja muulize mwingine.

Halafu kuna kitu kingine nataka uwaambie. Hukulala saa nane usiku. Dolutegravir yenyewe kwa watu wengine inavuruga usingizi, na wapo inaowaletea hata huzuni. Waulize unakunywa saa ngapi, wengi wakihamisha kutoka usiku kwenda asubuhi wanalala. Usihamishe mwenyewe, waulize. Sisemi ndio chanzo, mama umemzika kweli na hiyo si dawa iliyoleta. Ila kama usingizi unaweza kurudi kwa kubadilisha saa tu, kwa nini uteseke.

Na lile swali la tisa kwenye karatasi, la kutamani kufa au kujiumiza, ulijibu nini? Likibadilika siku yoyote usisubiri siku ya miadi, nenda kituo chochote siku hiyohiyo, usiku pia. Hospitali ya rufaa ya mkoa wana wodi ya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili.

jjajja_mululuza

Nimesoma na nimenyamaza kwanza. Mtoto wa Tororo umenifundisha na sioni haya. Mimi nilikuwa nawauliza watu unaumwa wapi, siwaulizi unakunywa nini. Kuanzia kesho nitauliza. Mwanangu wa Busia, hilo ulilolisema hapa ni zito na umelibeba peke yako muda mrefu mno.

ssenga_wa_masaka

Mi si musawo. Nataka kusema kuhusu ile sehemu ya kuongea, maana naona tumeongea dawa sana na yeye aliambiwa aende kuongea akakuta mlango umefungwa mara mbili.

Huku kwetu Masaka na Rakai, mwaka 2002, ukimwi ulikuwa umetumaliza. Kila nyumba kaburi. Watafiti walikuja wakawauliza watu wa vijijini hii huzuni mnaiitaje, watu wakasema okwekyawa, kujichukia mwenyewe. Wakachukua vijiji 30, wakafundisha vijana wa hapahapa kwa wiki mbili tu, hawakuwa madaktari, kila wiki wanakaa na kikundi dakika 90, wiki 16. Wanawake peke yao, wanaume peke yao. Hakuna kidonge. Mwishoni waliokuwa kwenye vikundi, waliobaki na dipresheni kubwa walikuwa 6.5%, na vijiji visivyokuwa na vikundi 54.7%. Ilitoka mwaka 2003 kwenye jarida la madaktari la Marekani. Na hao walikuwa na huzuni nzito, si ile ya 8 ya dada yetu.

Mi nilikuja kukaa kwenye kikundi cha namna hiyo baadaye, nilipofiwa na mume. Wiki ya kwanza sikusema neno, nilikuwa nachuna nyuzi za mkeka tu, mkeka wa watu, mpaka kona ikafumuka. Wiki ya tatu mama mmoja akasema tangu mumewe afe hajawahi kupika matooke kwa sababu ni yeye marehemu alikuwa anayapenda. Nikasikia kitu kinafunguka hapa shingoni. Nikasema na mimi. Hatukupeana mawaidha mengi, tulikuwa tunaulizana, nani anaweza kukusaidia na hilo? umemwambia? kwa nini hujamwambia? Wiki ijayo unarudi unaeleza ulifanya nini. Nilichofanya mimi ni kwenda kwa shemeji kudai kile kipande cha shamba, huzuni yangu nusu yake ilikuwa hapo na sikujua.

Sasa hivi vikundi hivyo viko wilaya nyingi, shirika la StrongMinds wameviendesha Uganda tangu 2013 na ni bure. Uliza kwa VHT wako, yule mhudumu wa afya wa kijiji, au hapo kituoni. Na kuna vikundi vya watu wa ARV wenyewe, hapo huna cha kuficha.

mitumba_busia

Nimerudi baada ya siku tisa, samahani kwa kimya.

Nilienda kliniki. Nilibeba chupa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi kama mtu aliyeiba. Yule nasi mkubwa aliisoma yote mbele nyuma, akaandika jina lake kwenye faili langu, akasema mwezi uliopita kuna mwanaume alikuja na chupa ya namna hiyo na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wamesema kipimo cha virusi nifanye mwezi ujao badala ya kungoja. TLD nakunywa asubuhi sasa na uji. Usiku wa kwanza hakuna kitu, usiku wa nne nikalala mpaka saa kumi na moja. Jana pia. Uzito kifuani bado uko lakini mtu aliyelala anaubeba tofauti.

Swali la tisa nilijibu hapana na bado ni hapana, asante kwa kuniuliza.

Binamu nimemwambia. Si yote, nimemwambia kwamba niko na dawa nyingine ambayo haipatani na hiyo yake. Alinyamaza kidogo kwenye simu kisha akasema ningejua nisingekuletea. Kumbe yeye mwenyewe anakunywa vidonge vya majira, nimemtumia maandishi ya dispensa yote.

Sasa ssenga, nimeuliza kuhusu kikundi. Kuna kimoja cha wanawake kinakutana Alhamisi mchana chini ya mwembe nyuma ya kituo, na Alhamisi ndio siku beli mpya zinaingia. Nikikosa Alhamisi nakosa grade ya kwanza. Mlikuwa mnafanyaje, mtu akikosa wiki moja moja wanamkubali?

ssenga_wa_masaka

Wanamkubali, lakini wiki nne za mwanzo usikose, ndizo watu wanazoeana, ukija wiki ya tano unakuta wameshaliana bila wewe. Yule jirani yako wa kibanda aliyekuuliza unauza ama unafanya nini, mwombe akuchagulie beli hizo Alhamisi nne, na wewe umshikie kibanda siku yake. Mwambie unaenda kituoni, si lazima umwambie zaidi.

mitumba_busia

Nitamwomba kesho asubuhi kabla hajafungua.